Barafu Chini ya Pazia

Kulikuwa na nchi, na ipo bado, ambayo jina lake siwezi kulitaja. Si kwa woga. Jina lenyewe halijazinduliwa. Liliandikwa miaka thelathini iliyopita kwenye bamba la shaba, likafunikwa kitambaa cha kijani, na tangu siku hiyo linasubiri zamu. Raia wa nchi hiyo wakisafiri ng'ambo na kuulizwa wametoka wapi, huonyesha kwa kidole.

Sheria zilikuwa nyingi huko, lakini mama wa sheria zote ilikuwa Sheria ya Pazia. Ilisema hivi: kitu chochote chenye manufaa kwa umma hakitatumika, hakitaguswa, wala hakitasemwa kuwa kipo, mpaka kifunikwe kitambaa cha kijani na kufunuliwa kwa mkono wa Mtukufu Mzinduzi Mkuu. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Mkono wake wa kulia, ule wa kufunulia, ulikuwa na daktari wake na gari lake. Mwili uliobaki ulipanda gari la nyuma.

Mimi naisifu sheria hiyo. Kabla yake watu walikuwa wakivuka madaraja ovyo, bila kumshukuru mtu. Tangu ilipopitishwa, ustaarabu umeingia. Kwenye Mto Kilio kulikuwa na daraja zuri la zege, limefunikwa mwaka wa sita sasa, na watu walivuka chini yake majini, mizigo kichwani, katika kivuli kizuri cha pazia. Mafuriko yalipomchukua mwalimu mmoja na mbuzi wake wawili, Serikali ilitoa rambirambi na ufafanuzi. Marehemu hakufa kwa kukosa daraja, kwa kuwa daraja lilikuwapo. Wala hakufa penye daraja, kwa kuwa daraja lilikuwa bado halijawa. Mbuzi hawakutajwa.

Huko watoto husomea nje, wameegemea ukuta wa shule yao iliyofunikwa. Wajawazito hujifungulia barazani, nyuso zikielekea wodi. Kila mtu anaona maendeleo kwa macho yake. Ni mikono tu inayosubiri.

*

Kusini mwa nchi hiyo kuna mji wa wachoma mkaa uitwao Makaango. Jua la huko halichomozi, linavamia. Mishumaa huuzwa ikiwa imejilaza. Kuku hawakai uani. Humfuata mtu popote aendapo ili wapate kivuli chake, na mtu mnene huko hawezi kutembea kwa siri.

Katika mji huo aliishi Shomvi, mchoma mkaa, mtu mrefu mwenye maneno mengi, aliyejifundisha mwenyewe kutunga mashairi huku akilinda tanuri lake lisiwake. Shomvi alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kutaka sindano ya insulini kila siku ili mtu aendelee kuwa mtu. Sasa insulini ni dawa yenye maringo. Inataka ubaridi. Ikikaa kwenye joto la Makaango inageuka maji, na maji hayo ukimdunga mgonjwa, umemdunga maji. Zahanati ya Makaango ilikuwa na jokofu kubwa la Serikali, jeupe, zuri. Nadhani lilikuwa jeupe, lilikuwa limefunikwa.

Mke wa Shomvi aliitwa Sikudhani. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi majokofu mjini, na ndoa ikamleta Makaango, mahali ambapo fundi majokofu ana kazi nyingi kama mpiga mbizi jangwani. Kwa miaka mitatu alizitumbukiza chupa za mumewe kwenye mtungi wa maji chini ya kitanda, na nusu yake zikaharibika. Kila chupa ikiharibika, Shomvi alipungua kidogo.

Ndipo Sikudhani alipoutazama mkaa. Alikuwa amemwona marehemu mama mkwe wake akiweka bakuli la mkaa kwenye chumba chenye harufu mbaya, na asubuhi harufu ikawa haipo. Wengine wangesema mkaa umeifukuza. Sikudhani alijua umeikamata.

"Ndani ya mkaa kuna vijumba ambavyo jicho halivioni," alimwambia mumewe. "Kijiko kimoja cha mkaa huu wa vifuu vya nazi kina kuta nyingi kuliko nyumba zote za Makaango. Mvuke wa spiriti ukipita pale, unajibandika kwenye kuta hizo. Hauzami ndani, unashikilia tu. Mkaa ukiwa umepoa, unang'ang'ania. Ukiupasha moto, unaachia wote."

"Kama wakubwa wetu," alisema Shomvi.

"Nyamaza, wewe."

"Wameng'ang'ania kuta tangu sijazaliwa, mke wangu. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewapasha moto."

Mimi maneno hayo sikuyasikia, na kama niliyasikia, nilikuwa nimelala.

Sikudhani akatengeneza masanduku mawili bapa ya bati, akayajaza mkaa wa vifuu, akayapaka rangi nyeusi na kuyalaza juu ya paa la zahanati chini ya kioo. Akashusha bomba, akalizungusha kivulini, akalifikisha kwenye tangi dogo lenye spiriti, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pumba za mpunga pande zote. Hewa yote ya ndani akaitoa kwa pampu ya mkono na kuziba kila mwanya. Kutwa jua liliupika mkaa, mkaa ukatapika mvuke, mvuke ukapoa bombani, ukawa majimaji, ukachuruzika hadi tangini. Usiku mkaa ulipoa na kushikwa na njaa. Uliivuta ile spiriti kwa nguvu, spiriti ikageuka mvuke tena kwa haraka, na katika kuondoka ikabeba joto lote la sanduku. Asubuhi, pembeni ya tangi kulikuwa na bamba la barafu.

Hapakuwa na umeme, injini wala mafuta. Mashine ile ilihitaji vitu viwili tu: jua la mchana, na kuachwa.

Watu wakapanga foleni kuigusa barafu. Mmoja akasema inauma. Mwingine akasema ni kioo kinacholia. Shomvi aliishika mpaka ikamwishia mkononi, kisha akajifuta uso kwa maji yake na kuimba:

*Mkaa wangu mweusi, wazaa kitu cheupe,*
*Ni mgeni wa upesi, mshikeni asikwepe,*
*Jua lipike kwa kasi, usiku nao ulipe,*
*Sukari na iogope, baridi imeingia.*

Nesi Tunu, muuguzi pekee wa zahanati, aliandika barua bohari ya mkoa kwamba Makaango sasa ina mahali pa kuhifadhia dawa. Sijui ni nani aliyelala kazini huko mkoani, lakini sanduku la insulini lilifika, chupa sitini, za Shomvi na wagonjwa wenzake kumi. Nesi Tunu akazipanga kando ya barafu kama mtu anayelaza watoto. Akaning'iniza kipimajoto. Nyuzi nne.

Kwa siku tisa Shomvi alikula, akalala, akaacha kuamka kila saa kunywa maji. Alilibeba gunia la mkaa begani, na watu wakasema ameota mgongo upya.

Siku ya kumi likaja gari lenye bendera.

*

Alishuka Bwana Mwinchande, Afisa Pazia wa Wilaya, kijana nadhifu mwenye futi ya kupimia shingoni kama fundi cherehani. Alitazama paa, akatazama sanduku, akashika kiuno.

"Nani ameruhusu hiki kitu kionekane?"

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Ni mashine ya baridi. Nimeitengeneza mimi."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya. Leo siku ya kumi inatunza dawa."

Bwana Mwinchande alikaa kwenye benchi la wagonjwa bila kukaribishwa. "Siku kumi! Bi Fundi, unajua kifungo cha siku kumi za manufaa bila idhini?"

Wasaidizi wake walikuwa wameshaanza kushusha pazia. Lilikuwa zito, la kijani, lenye bitana ndani. Lilishonwa kwa ajili ya hospitali ya ghorofa nne ambayo ilianguka kabla ya zamu yake kufika, na kwa kuwa Serikali haipotezi kitu, pazia lilibaki.

"Mheshimiwa, subiri," alisema Sikudhani. "Mashine hii inakula jua. Ukiifunika umeinyima chakula."

"Basi itafunga. Hata sisi hufunga."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka zamu yake."

"Na dawa zilizo ndani?"

"Zitakuwa zimehifadhiwa kisheria."

Shomvi, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi akingoja sindano yake, akainua mkono. "Mwanangu, nifunike mimi, mashine uiache. Mimi mchana sina kazi sana."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. "Wewe nani?"

"Mtumiaji."

"Umetumia kitu ambacho hakipo?"

"Nimekitumia, na kimenifaa. Fikiria kingekuwapo."

Nisimsingizie Bwana Mwinchande ukatili. Alilitandika pazia lile kwa mikono yake, akalinyoosha makunyanzi, akafunga kamba fundo moja moja. Alipomaliza akamsogelea Sikudhani. "Bi Fundi, usinione mbaya. Mama yangu mzazi anafuata maji maili tatu, na nyuma ya nyumba yake kuna kisima. Nilikifunika mimi mwenyewe. Unadhani analalamika?"

"Analalamika?"

"Kila siku," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akakohoa, akarudi serikalini.

Kabla ya kuondoka akakumbuka kipimajoto. Nacho kilikuwa kipya, nacho kilikuwa na manufaa. Akakivika kimfuko cha kijani.

*

Sikudhani alisafiri siku mbili hadi makao makuu. Wizara ya Mazinduzi ni jengo la fahari, nami ningelieleza vizuri kama lingekuwa limefunuliwa. Watumishi huingia kwa kuinama chini ya pazia kama paka. Ndani ni giza mchana kutwa. Kuna mishumaa, na wafanyakazi hutambuana kwa vikohozi.

Katibu mmoja alimkaribisha kwa adabu kubwa. Alipekua daftari, akapeleka mshumaa karibu, akatabasamu. "Hongera, mama. Kifaa chako ni namba elfu tatu mia moja na kumi na sita."

"Mtukufu anazindua vingapi?"

"Viwili kwa wiki. Isipokuwa masika, mkono hupumzika."

Sikudhani alipiga hesabu akiwa amesimama. "Hiyo ni miaka thelathini na tisa."

"Usikate tamaa," alisema Katibu. "Vingine huanguka, foleni husogea."

"Bwana Katibu, mume wangu hana miaka thelathini na tisa. Hana hata wiki sita. Dawa yake iko ndani ya sanduku lile, na sanduku linapata moto."

Katibu aliguswa. Naliandika hili kwa sababu watu husema watumishi wa Serikali hawana moyo. Aliwaita wenzake wanne, wakakaa kumzunguka mshumaa, wakamtaka aeleze mashine hiyo hufanyaje kazi. Sikudhani akaeleza tangu mwanzo, mkaa, mvuke, kuta, tangi. Walisikiliza kwa makini.

"Na ubaridi wenyewe," aliuliza mmoja wao, "hutengenezwa saa ngapi?"

"Usiku, lakini..."

"Usiku!" Katibu alipiga meza, mshumaa ukaruka. "Mbona hukusema mapema, mama? Tumekwisha. Usiku hakuna raia anayeona, na kisichoonekana hakijafunuliwa. Andika: Ruhusa Maalumu. Pazia liondolewe jua linapozama, lirudishwe kabla jua halijachomoza."

"Hapana, Bwana Katibu. Usiku mkaa unakula kilichopikwa mchana. Mchana usipopika, usiku hauna cha kula. Mimi nataka mchana."

"Mama, umesema mwenyewe usiku. Imeshaandikwa."

Wakagonga mhuri. Nta ya mshumaa ikadondokea karatasi, ikawa kama mhuri wa pili. Wote watano wakasimama na kumpigia makofi, maana katika historia ya wizara ile hajawahi mtu kutoka na ruhusa siku ileile aliyoingia.

*

Wakati Sikudhani yuko njiani, chupa zilikuwa zinapikwa. Nesi Tunu hakuruhusiwa kutazama kipimajoto, ila mkono wake ulipopenya chini ya pazia na kuingia sandukuni ulitoka na jasho. Kila asubuhi alijaza fomu ya Serikali, ambayo ilikuwa imeshachapishwa "nyuzi 4" ili kumpunguzia kazi.

Aliendelea kumdunga Shomvi, dozi ileile, saa ileile.

"Nesi," alisema Shomvi siku moja, akiutazama mkono wake, "hii uliyonipa leo ni dawa au ni salamu?"

Nesi Tunu aligeuka akapanga pamba zilizokuwa zimeshapangwa. "Ni ile ile, kaka."

"Basi ile ile imechoka."

Kiu ikarudi. Alikunywa ndoo, akakojoa ndoo, akaomba nyingine. Nyama ilimtoka mashavuni. Sikudhani aliporudi na karatasi yake yenye mhuri, alimkuta mumewe amelala mkekani, akihema kwa kina kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyochacha. Akamsomea ruhusa. Shomvi akacheka mpaka akakohoa.

"Wamekupa usiku," alisema. "Usiku tulikuwa nao."

Siku iliyofuata Nesi Tunu alipigia simu bohari ya mkoa kuomba chupa mpya, kwa kuwa za mwanzo zimeharibika. Jibu lilikuja kwa simu hiyohiyo, sauti tamu ya bwana mmoja wa kumbukumbu. "Dada, fomu zenu zinasema nyuzi nne. Isitoshe, chupa zimo ndani ya kifaa ambacho hakijazinduliwa, kwa hiyo hazijaanza kutumika. Kisichotumika hakiharibiki. Tunzeni."

Usiku ule Sikudhani hakulala. Alikaa karibu na kichwa cha mumewe akimnywesha kwa kijiko. Alfajiri Shomvi alifumbua macho na kuanza kutunga, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta:

*Jua lipo juu yangu, nalo halinifikii...*

Akautafuta mstari wa pili. Hakuupata. Akaomba maji.

Sikudhani akachukua kisu cha jikoni, akatoka. Saa tano asubuhi, mbele ya watu na kuku wao, alipanda paa la zahanati na kulipasua pazia la hospitali ya ghorofa nne toka mwanzo hadi mwisho. Jua likashuka juu ya mkaa kama mdai... hapana, kama ndugu aliyefungiwa nje. Bati zikalia. Watu wa Makaango hawakupiga makofi, kwa kuwa makofi yana ratiba. Lakini hakuna aliyeondoka.

Asubuhi yake kulikuwa na barafu. Nesi Tunu akavunja vipande, akavitia kwenye chupa ya chai, akapanda lori la mkaa kwenda mkoani, apate kuonyesha kwa mkono kwamba ubaridi upo, na kurudi na dawa mbichi kabla vipande havijayeyuka.

Hakuwa amefika nusu ya safari Bwana Mwinchande alipotokea na askari wawili. Hakupaza sauti. Alionekana kama mtu aliyelala vibaya.

"Bi Fundi, umefanya nini?"

"Nimefungua dirisha."

"Umezindua," alisema. "Umezindua bila cheo. Hilo kosa halijawahi kufanywa nchi hii. Hata adhabu yake imenilazimu niiulizie kwa simu." Akatoa sindano na uzi mfukoni, akapanda paa, akaanza kulishona pazia mwenyewe.

Sikudhani akapelekwa mahabusu. Kupitia dirisha la chuma alimwambia askari wa zamu, kila saa, kwamba mumewe hana mtu wa kumnywesha maji. Askari alimjibu kila saa kwamba amesikia.

*

Habari za uzinduzi haramu zilifika makao makuu siku hiyohiyo. Mtukufu Mzinduzi Mkuu alikasirika, mkono wake ukapanda joto, daktari akaitwa. Ikaamuliwa kwamba mashine ya Makaango iruke foleni yote na izinduliwe upya, kihalali, ndani ya siku nne. Ndivyo Sikudhani alivyofaulu. Watu hawajui tu kushukuru.

Siku ya tatu Nesi Tunu alirudi. Vipande vya barafu vilikuwa vimekuwa maji tangu juzi, na ndani ya chupa ya chai hapakuwa na dawa. Kulikuwa na barua: *dawa itatolewa mara tu cheti cha uzinduzi kitakapowasilishwa*. Alimkuta Shomvi hajui tena jina lake. Akakaa naye.

Alfajiri ya siku ya nne, Shomvi akaacha kuhema.

Saa mbili asubuhi Sikudhani alitolewa mahabusu. Alidhani anapelekwa kwa mumewe. Alipelekwa uwanja wa zahanati, akakalishwa kwenye kiti chenye karatasi iliyoandikwa "Mwenye Kifaa", askari mmoja kila upande. Nesi Tunu alipita nyuma yake, akainama kama anayeokota kitu, akamnong'oneza. Sikudhani hakupiga kelele. Aliuliza tu watazika saa ngapi. Baada ya adhuhuri, alijibiwa.

Sherehe ilipangwa saa tatu. Mtukufu alifika saa saba. Gari la mkono lilitangulia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Joto ni adui! Wazee wetu hawakuwa na baridi. Wakoloni walipoondoka waliondoka na baridi yao, hawakutuachia hata kidogo! Serikali yangu imelipiga joto, imelikata mguu! Mwaka jana nchi hii ilikuwa na baridi sifuri. Leo tunayo moja! Nionyesheni nchi nyingine iliyopiga hatua kama hiyo!"

Vigelegele vikapigwa na kikundi kilicholetwa kwa basi. Mtukufu akashika mkasi, akakata kamba, pazia lililoshonwa likaanguka, jua likaruka juu ya mkaa. Akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na barafu tele, vipande vya mraba, vyote sawa kama meno ya bandia. Mashine ya Sikudhani haijawahi kutoa vipande vya mraba. Vilikuja kutoka makao makuu na msafara, kwenye gari la tatu. Vitatu vikatiwa kwenye glasi ya madafu, Mtukufu akanywa, akasema "Aaa," na redio ya taifa ikairusha ile "Aaa" mara mbili.

Mshereheshaji akatazama ratiba yake. Ilikuwa imechapwa siku nne kabla, kwa wino wa dhahabu.

"Namba saba! Shukrani kutoka kwa mgonjwa wa kwanza kunufaika. Bwana Shomvi aje mbele!"

Mbele hakuja mtu.

"Bwana Shomvi! Mara ya pili!"

Njia ya makaburini pale Makaango ni moja tu, na inapita mbele ya zahanati. Wanaume walitokea kwenye kona ya msikiti, wakitembea kwa haraka ya mazishi, wakipokezana bega, sauti zao chini. Jeneza la msikiti, lisilo na kifuniko cha mbao, lilikuwa limefunikwa kama yanavyofunikwa majeneza yote ya mji ule, kwa kitambaa cha kijani.

Walipomwona Mtukufu walisimama, kwa kuwa hakuna anayempita. Na Mtukufu akauona ule ukijani.

Mkono uliozoea hauulizi. Ulikuwa bado na mkasi. Alishuka jukwaani, akakata kamba iliyofunga kitambaa, akashika pindo, akavuta. Mabwana wa wizara wakapiga makofi. Bendi ikapiga, ikapotea, ikanyamaza. Juu ya mabega ya watu, katika sanda nyeupe, alikuwapo Shomvi, mrefu kama zamani, akiwa amefunuliwa rasmi.

"Na hiki ni nini?" aliuliza Mtukufu. "Hakimo kwenye ratiba."

Bwana Mwinchande aliivua futi yake shingoni.

"Kimo," alisema Sikudhani. Alikuwa amesimama, na askari wake walisahau kumkalisha. "Ni namba saba, Mtukufu."

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu tena. Hakitaki umeme, hakitaki mafuta, hakitaki hata jua. Hakina haja ya kusubiri zamu. Kiguse."

Mkono ukaenda wenyewe. Ukatua kwenye kifua cha sanda, ukarudi upesi.

"Ni baridi," alisema Mtukufu.

"Ni baridi," alisema Sikudhani. "Hiyo ya glasi umekuja nayo. Baridi uliyoitengeneza Makaango kwa mkono wako ni hii."

*

Yaliyofuata ni mambo ya kawaida. Daftari la wizara lina namba mpya, elfu tatu mia moja na kumi na saba: *Shomvi, wa Makaango, amezinduliwa, hali nzuri.* Sikudhani alirudishwa mahabusu kwa kosa la kusema na mkono bila kupitia kwa mwenye mkono. Mashine, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuifunika tena, ilikula jua mchana kutwa, na kesho yake ilitoa bamba zima la barafu. Cheti kilifika mkoani, dawa ikaja. Wagonjwa waliobaki kuipokea walikuwa saba.

Kuhusu Bwana Mwinchande, hakuonekana kazini wiki ile. Wapo wanaosema alikwenda kijijini kwa mama yake, nyuma ya nyumba, na kwamba alichukua mkasi. Mimi sijui. Mimi ni msimulizi tu, napenda utulivu.

Nami hapa naifunika hadithi yangu kwa kitambaa cha kijani, naikaza kamba, naondoka. Atakayeifunua bila cheo, shauri yake na nchi yake.